Mtu wa Kwanza Kufika Mlangoni: Mwongozo wa Kufundisha Waitikiaji wa Simu za Ukatili wa Nyumbani Mwanza na Mwambao wa Ziwa

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wanaoandaa na kuendesha mafunzo: maofisa wa Dawati la Jinsia na Watoto, maofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na mashirika yanayopinga ukatili katika mkoa wa Mwanza. Unahusu muda mfupi sana, yaani tangu simu inapopigwa au jirani anapogonga kwa mwenyekiti wa mtaa, hadi majeruhi anapokuwa mikononi mwa mtoa huduma ya afya na mtuhumiwa mikononi mwa polisi. Upelelezi, mashtaka na ushauri nasaha wa muda mrefu vina wataalamu wake na havitaguswa hapa isipokuwa kwa kupita.

Kasoro kubwa ya mafunzo mengi ya aina hii ni kwamba yanamfundisha mtu wa pili kufika. Wanaalikwa askari, wanapewa siku tatu za mada ukumbini, wanarudi kituoni. Kumbe usiku ule mwanamke anapopiga kelele Mabatini au kwenye kambi ya wavuvi, anayefika kwanza ni jirani, balozi wa nyumba kumi, kijana wa ulinzi shirikishi, mwenyekiti wa mtaa au kiongozi wa mwalo, yaani ufuko ambapo mitumbwi ya uvuvi hutia nanga. Mtu huyo hufika na mazoea yake, na zoea lililo kongwe kuliko yote ni kusuluhisha. Kwa hiyo mafunzo yanayofaa hapa kwetu yana kazi mbili: kuwaweka pamoja wote wanaofika kweli, na kuwaelewesha kwamba kazi yao usiku huo ni kuzuia madhara, kuwatenganisha watu, kulinda ushahidi na kukabidhi. Suluhu haimo katika orodha hiyo.

Hatua ya kwanza: jua nani anaitikia, wapi na saa ngapi

Kabla ya kuandika barua ya mwaliko, omba ruhusa ya kupitia kitabu cha taarifa za kituo pamoja na kitabu cha malalamiko cha ofisi ya mtaa, kwa kipindi cha miezi sita iliyopita. Usitafute majina. Tafuta nani alileta taarifa, saa ngapi, nani alifika kwanza, alichukua muda gani, na shauri liliishia wapi. Vitabu hivi viwili mara nyingi havifanani, na tofauti yake ndiyo somo lako la kwanza: shauri lililopo katika kitabu cha mtaa lakini halina RB (namba ya kitabu cha taarifa) kituoni ni shauri ambalo mtu aliliamulia njiani.

Kisha tembea eneo lenyewe. Igogo, Mabatini na miteremko ya Bugando, nyumba zimepanda juu ya mawe na gari huishia chini. Askari mwenye gari humalizia safari kwa miguu, gizani, kwenye vijia ambavyo mgeni hawezi kuvitofautisha. Mwambaoni hali ni nyingine tena. Katika mialo na visiwa vya Ukerewe na Buchosa kuna kambi ambazo wakazi wake huhamahama kwa kufuata samaki, na wanandoa wanaoishi humo mara nyingi hawana ndugu karibu wala balozi anayewafahamu kwa jina. Huko mwenye sauti ni mwenye kambi au kiongozi wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, na huyo asipoalikwa, mafunzo hayajafika mwaloni.

Washiriki wasizidi ishirini na wanne. Wachanganye: askari wa kituo na polisi kata, wenyeviti wa mitaa au vijiji, ulinzi shirikishi na sungusungu (walinzi wa jadi), mhudumu wa afya ngazi ya jamii, muuguzi wa zamu kutoka kituo cha afya cha karibu, ofisa ustawi wa jamii, na waendesha bodaboda wawili kwa sababu ndio wanaobeba majeruhi usiku. Wanawake wasipungue theluthi moja. Siku ya kwanza kila mtu aje bila sare, maana konstebo hatasema lolote la maana mbele ya mkuu wake aliyevaa nyota.

Fahamu pia nani wengine watakuwa ukumbini. Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa 2015–16 ulionyesha kwamba wanawake 40 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliwahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu wakiwa na miaka 15. Ule wa 2022 ulitaja 27 kati ya 100. Kwa vyovyote, katika kundi la watu ishirini yumo aliyepigwa, na huenda yumo anayepiga. Usimwombe mtu asimulie yake. Awepo mshauri nasaha, chumba kitulivu, na ruhusa ya mtu kutoka nje bila kuulizwa. Mwenye malalamiko ya ukatili yanayoendelea kituoni dhidi yake asiandikishwe kabisa.

Hatua ya pili: kuvunja zoea la kusuluhisha

Siku nzima ya kwanza iende hapa, hata kama waandaaji watanung'unika kwamba mbinu za kazi zinacheleweshwa. Mtu asiyeamini kwamba kipigo cha nyumbani ni kosa atatumia mbinu zako zote kufanya kile kile alichokuwa akifanya jana, ila kwa ustadi zaidi.

Anza na sheria, kwa maneno machache na kwa nakala mkononi. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko au kipigo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamhusu mume kama inavyomhusu mtu baki: kumshambulia mtu na kumsababishia madhara ya mwili ni kosa linaloweza kumpeleka mkosaji gerezani hadi miaka mitano, na kudhuru vibaya kuna adhabu kubwa zaidi. Wasomeane kwa sauti. Wengi watashangaa kwamba sheria hiyo ya ndoa imeizidi umri nusu ya ukumbi.

Baada ya hapo utasikia swali ambalo halikosi kuulizwa: mbona sheria hiyo hiyo ina mabaraza ya usuluhishi wa ndoa? Lijibu kikamilifu. Baraza la usuluhishi lipo kwa ajili ya mgogoro wa ndoa, na shauri la talaka kwa kawaida hupitia huko kabla ya kwenda mahakamani. Halijapewa mamlaka ya kufuta jinai. Ni kweli kwamba Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu mahakama kuhimiza mapatano katika shambulio la kawaida, lakini anayeamua hivyo ni hakimu, mchana, baada ya kusikiliza pande zote. Mwenyekiti wa mtaa aliyeamshwa saa nane usiku hana uwezo huo, na mgambo hana kabisa.

Sungusungu wanahitaji mazungumzo yao wenyewe, kwa heshima. Walianza Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe, na mpaka leo kuna vijiji vya Kwimba na Misungwi ambako watu huwaamini kuliko kituo cha mbali. Lakini faini ya kimila ikilipwa, fedha au mbuzi huliwa na mkutano, naye mke hurudi nyumba ile ile na mume aliyetozwa kwa ajili yake. Waulize wao wenyewe mke huyo analala wapi usiku huo. Waache wajibu, usiwatangulie.

Kuna jambo moja la sheria ambalo mkufunzi asilipambe. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu kinauhesabu ubakaji wa mke kuwa kosa pale wanandoa wanapokuwa wametengana. Hilo lisimfanye mwitikiaji apuuze mwanamke anayeeleza kulazimishwa na mume anayeishi naye: kipigo na vitisho vilivyoambatana ni makosa, na huduma ya afya ni haki yake bila kujali hati ya mashtaka itaandikwaje.

Kwa zoezi la siku hii, mashirika ya hapa yanafaa sana kualikwa. Kivulini, lililoanzishwa Mwanza mwaka 1999, limeshughulika na ukatili wa majumbani katika mitaa hii hii kwa zaidi ya miaka ishirini.

Hatua ya tatu: simu

Waweke washiriki wawili wawili, viti vikitazamana migongo, mmoja mpigaji na mwingine mpokeaji. Mpokeaji ajifunze kuuliza kwa mpangilio ambao hata simu ikikatika, kilicho muhimu tayari kimepatikana: uko wapi; je, yupo hapo sasa hivi; ana silaha gani; kuna aliyeumia; kuna watoto; wewe ni nani kwake. Mahali ndilo swali la kwanza. Mitaani kwetu watu wengi huelekeza kwa alama, basi wafundishe kuuliza alama: gati la maji, jiwe kubwa, msikiti, kituo cha bodaboda, duka lenye taa. Kuhusu silaha, wasiridhike na "hana kitu". Kisu cha kuparia samaki, panga, kasia na sufuria ya mafuta ya moto havihesabiwi na watu wengi kuwa silaha mpaka viulizwe kwa majina.

Mpigaji akiwa hawezi kusema wazi, mpokeaji aulize maswali ya "ndiyo" au "hapana" tu. Simu ikikatika, asipige tena kabla ya kufikiri nani ataipokea, kwa kuwa nyumba nyingi zina simu moja na aliyeishika sasa anaweza kuwa ndiye mtuhumiwa. Bandikeni ukutani namba mbili na mhakikishe kila mshiriki anazijua: 112 ya polisi kwa dharura, na 116 ya huduma ya simu kwa mtoto.

Hatua ya nne: kufika na kutenganisha

Asiende mtu peke yake. Hii ndiyo kanuni isiyovunjwa kwa hali yoyote katika mwongozo huu. Kama mwenyekiti hana mwenzake, amwamshe mtu kabla ya kupanda. Wawili hao wagawane kazi wakiwa bado njiani: mmoja atakuwa na mtuhumiwa, mwingine na majeruhi, na wa kike akiwepo aende kwa majeruhi.

Pikipiki izimwe mbali kidogo. Kwenye nyumba za mlimani, wasimame hatua kadhaa chini ya mlango, wapumzike mpaka pumzi zirudi, wazime tochi, wasikilize. Mtu anayehema hawezi kuzungumza kwa sauti tulivu, na dakika moja ya kusikiliza huonyesha kama kuna kishindo, kilio cha mtoto, au kimya. Wakifika wapige hodi wakiwa wamesimama upande wa mlango, kamwe si mbele yake. Jibu la "hapa hakuna shida" lisiwarudishe. Waseme kwa upole kwamba wamepata taarifa na hawataondoka bila kuwaona watu wote wa nyumba wakiwa wazima, kila mmoja kwa sura yake.

Salamu isiachwe. Kijana wa ulinzi shirikishi akimkuta mzee, amwamkie shikamoo, hata kama mzee huyo ndiye mtuhumiwa. Heshima hupunguza moto na haimlazimishi mtu kutii. Ila kijana huyo asimwite majeruhi "shemeji", hata kama mumewe ni rafiki yake wa kijiweni. Amwite mama au dada, maana mwanamke akishasikia ushemeji anajua amekuja mtu wa upande gani. Urafiki huo ukiwa wa karibu mno, aseme mapema na amwachie mwenzake.

Kutenganisha kuna ufundi wake. Watu hao wawili wawekwe mahali ambapo hawaonani wala hawasikilizani, lakini waitikiaji wenyewe wanaonana. Nyumba ya chumba kimoja haina nafasi hiyo, basi mmoja atoke nje, na anayetoka awe mtuhumiwa, kwa maneno kama "Baba, tusogee hapa nje tuongee." Wasipelekwe upande wa jiko. Jikoni kuna visu, kuna mkaa, kuna maji yanayochemka, na kwenye vyumba vya kupanga jiko liko hatua mbili kutoka kitandani. Katika mazoezi, chora chumba hicho kwa chaki sakafuni kwa vipimo vyake halisi, weka jiko, kitanda na mlango, kisha waambie watu wanne wasimame humo ndani. Hapo ndipo wanapogundua kwamba mbinu walizozisikia zilitungwa kwa nyumba za sebule kubwa.

Majirani watakuwa wamejaa. Mtu wa tatu, balozi anafaa, apewe kazi ya kuwarudisha nyuma, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni faragha ya majeruhi. Ya pili ni kwamba umati wenye hasira unaweza kumgeukia mtuhumiwa, na mwitikiaji ana wajibu wa kumlinda huyo naye afike kituoni akiwa hai. Raia anayemkamata mtu anapaswa kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Hana ruhusa ya kumfunga kamba kwenye mwembe mpaka asubuhi wala kumchapa.

Mara nyingine wote wawili wana majeraha, na njia rahisi ni kuwakamata wote. Hapo wafundishe kutazama. Alama za meno kwenye mkono au mikwaruzo usoni mwa mwanamume huweza kuwa za mtu aliyekuwa akijinasua. Nani mkubwa wa mwili, nani anamwogopa nani, nani anajibu huku akimtazama mwenzake, hadithi ya nani inalingana na vitu vilivyovunjika na mahali vilipoangukia. Wapo pia wanaume wanaopigwa na wake zao, na aibu huwafanya wacheke badala ya kueleza. Utaratibu kwao ni huu huu.

Hatua ya tano: maneno na majeruhi

Shirika la Afya Duniani, katika kitabu chake cha mwaka 2014 kwa watoa huduma, limeweka msaada wa kwanza katika mambo matano: kusikiliza, kuuliza mahitaji, kumthibitishia kwamba anaaminika, kuimarisha usalama wake, na kumuunganisha na msaada. Washiriki wakariri, lakini wasibaki na kukariri. Wape sentensi za kutamka: "Pole. Nimekuja kwa ajili yako." "Si kosa lako." "Unahitaji nini kwanza sasa hivi?" Na wape sentensi za kuacha kabisa, ya kwanza ikiwa "Ulimfanya nini?" na ya pili "Kwa nini hukuondoka siku zote hizo?" Zoezi la kuzitamka kwa sauti lirudiwe mpaka haya imwishe mtu. Vijana wengi hawajawahi kumwambia mtu mzima "si kosa lako", na mara ya kwanza isiwe usiku wa kazi.

Lugha nayo ipangwe. Ukerewe na Ukara utakuta mwanamke anayejieleza vizuri zaidi kwa Kikerewe au Kikara, na vijijini Magu kwa Kisukuma. Mkalimani awe mtu mzima asiye ndugu wa mume. Mtoto asifanywe mkalimani wa kipigo cha mama yake.

Kukabwa shingo

Hapa mkufunzi atulie, hata kama ratiba imebana, kwa kuwa hili ndilo jeraha linaloua baada ya kila mtu kwenda kulala. Shingo ikibanwa, mtu anaweza kupoteza fahamu ndani ya sekunde chache. Akizinduka anasimama, anaongea, anasema yuko sawa. Ndani ya shingo huenda mshipa wa damu umechanika au njia ya hewa inaendelea kuvimba, na hatari hiyo huweza kujitokeza saa au siku kadhaa baadaye. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008, ukiongozwa na Nancy Glass, ulionyesha kwamba kwa mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake, uwezekano wa kuja kuuawa na mwenzi huyo uliongezeka zaidi ya mara saba. Kwa hiyo swali hili liulizwe kila mara, kwa uwazi, hata kama majeruhi hakulitaja: "Je, alikukaba? Kwa mkono, kwa kiwiko, kwa kanga?"

Kutafuta alama kuna mtego wake. Picha nyingi za kufundishia zinatoka nje na zinaonyesha ngozi nyeupe yenye wekundu unaoonekana kwa mbali. Kwenye ngozi yetu, chini ya mwanga wa tochi ya simu, shingo iliyokabwa inaweza kuonekana haina kitu. Mara nyingi hakuna alama ya nje kabisa. Wafundishe kumulika kutoka ubavuni ili uvimbe utoe kivuli, kutazama vidoa vidogo vya damu kwenye weupe wa macho, ndani ya midomo na nyuma ya masikio, na kusikiliza: sauti iliyokauka, kikohozi, shida ya kumeza hata mate. Waulize pia kama alijikojolea, na waulize kwa faragha, kwani hiyo ni dalili kwamba alipoteza fahamu, nayo ni habari ambayo hakuna mwanamke ataitoa mbele ya majirani. Jibu likiwa ndiyo kwa lolote kati ya haya, majeruhi anakwenda hospitali usiku huo huo, na neno "alikabwa" linaandikwa hivyo hivyo, lisilainishwe kuwa "walivutana".

Kukabwa ni mojawapo ya dalili za hatari kubwa. Nyingine ambazo mwitikiaji aulize kabla ya kuondoka ni vitisho vya kuua, silaha iliyowahi kutumika, ujauzito, wivu unaomfungia mke ndani, kipigo kinachoongezeka, mume anayetishia kujiua, na mke aliyetangaza kuondoka au aliyekwisha kuondoka. Hilo la mwisho huwashangaza washiriki. Wengi hudhani mwanamke akiondoka hatari imekwisha, ilhali ndipo mara nyingi inapopanda.

Watoto wa nyumba hiyo watafutwe mpaka waonekane, hata chini ya kitanda, waulizwe kama wameumia, na waambiwe kwa maneno mafupi nini kinaendelea. Mtoto akiwa amedhuriwa, ofisa ustawi wa jamii ajulishwe, maana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawapa ustawi wa jamii wa halmashauri wajibu wa kumlinda.

Hatua ya sita: ushahidi, PF3 na saa 72

Mwitikiaji wa kwanza si mpelelezi. Anachotakiwa ni kutoharibu. Nyumba isifagiliwe, kiti kilichovunjika kisisimamishwe, damu isioshwe. Aandike maneno ya kwanza ya majeruhi na ya mtuhumiwa kama yalivyotamkwa, pamoja na saa. Daftari la mwenyekiti lenye mstari mmoja, "saa 7:20 usiku, alisema: nitakuua kabla ya asubuhi", lina uzito kuliko ukurasa mzima wa "walikuwa na ugomvi". Picha zipigwe kwa ridhaa ya majeruhi pekee, na zisipelekwe kwenye kundi la WhatsApp la mtaa au la kikosi kwa sababu yoyote ile.

Palipo na ukatili wa kingono, majeruhi aelezwe kwa upole kwamba ni vizuri asioge wala kubadili nguo kabla ya kupimwa, na kama amekwisha kubadili, nguo ziwekwe katika mfuko wa kaki, kila moja na mfuko wake. Nailoni hutunza unyevu na kuozesha ushahidi. Dawa ya kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI inapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyofaa; dawa ya dharura ya kuzuia mimba inaweza kutolewa ndani ya saa 120. Washiriki waijue hesabu hii kwa moyo, hasa wa visiwani, kwa sababu boti moja iliyokosekana inaweza kula theluthi ya muda huo.

PF3 ni fomu ya polisi inayompeleka majeruhi kwa daktari, na daktari huijaza ili irudi kama ushahidi. Tatizo ni pale inapogeuka kuwa kizuizi: mwanamke anavuja damu kwenye benchi la zahanati akisubiri karatasi. Fundisheni mpangilio huu: aliye hatarini anatibiwa kwanza, fomu inafuata. Muuguzi aliyemo katika mafunzo awaeleze askari mbele ya wote jinsi wanavyopokea majeruhi asiye na PF3, nao askari waseme nani ataipeleka hospitali na kwa muda gani. Mabishano kati yao yatakuwa makali. Yaachwe yaendelee, kwani afadhali yawe ukumbini.

Hatua ya saba: kukabidhi

Kukabidhi kuna maana ya mtu kwa mtu. "Nenda kituoni kesho, uulize dawati" ni kumtelekeza. Mwitikiaji aende naye, au amkabidhi kwa mtu mwenye jina ambaye amekubali kumpokea, na aseme kwa huyo mpokeaji yale aliyokwisha kuambiwa ili mwanamke asilazimike kusimulia upya kwa kila meza. Penye kituo cha huduma ya mkono kwa mkono, polisi, daktari na ustawi wa jamii hupatikana chini ya paa moja, na hapo ndipo pa kuanzia. Kila kundi litoke kwenye mafunzo na karatasi moja yenye majina na namba za zamu za kata yake, iliyojazwa na wenyewe.

Swali la nauli lijibiwe kabla ya siku ya mwisho. Nani anamlipa bodaboda saa tisa usiku? Nani analipia mafuta ya boti kutoka kisiwani hadi Nansio? Halmashauri, kikundi cha mwalo na wenyeviti wakae na kukubaliana juu ya mfuko mdogo na mtunzaji wake. Bila hilo, kila ulichofundisha kinaishia ufukweni.

Visiwani kuna mambo mawili ya ziada. Ziwa likichafuka hakuna anayevuka, kwa hiyo kila mwalo uwe na nyumba iliyokubaliwa mapema ya kumhifadhi majeruhi hadi kupambazuke, nyumba ya mtu anayeheshimika na asiye na udugu na mtuhumiwa. Mtaa mzima usiijue. Na majeruhi asisafirishwe katika boti moja na mtuhumiwa, hata ikiwa ni boti pekee iliyopo asubuhi hiyo. Mmoja asubiri, naye awe mtuhumiwa, chini ya ulinzi.

Hatua ya nane: maigizo na ufuatiliaji

Siku mbili za mwisho ziwe za maigizo, nje ya ukumbi, na angalau moja lifanyike baada ya jua kuzama kwa tochi. Matukio matatu yanatosha: chumba cha kupanga mlimani, kambi ya wavuvi isiyo na mtandao wa simu, na nyumba ya mtu mwenye cheo ambaye mwitikiaji anamfahamu. La tatu ndilo gumu kuliko yote, na ukiona limepita kirahisi, jua anayeigiza bosi amewaonea huruma, mbadilishe. Nafasi ya majeruhi ichezwe na mkufunzi au mwigizaji, si na mshiriki, na kila igizo liishie kwa mapumziko mafupi kabla ya kulijadili. Wanaoitikia simu hizi huzibeba nyumbani kwao, hivyo kituo kiweke utaratibu wa wao kuzungumza na ofisa ustawi baada ya tukio zito.

Baada ya miezi mitatu rudi kwenye vitabu vile viwili vya awali. Angalia kama mashauri ya mtaa sasa yana RB, kama neno "alikabwa" limeanza kuonekana, kama saa ya kuwasili hospitali imeandikwa, na kama mfuko wa nauli bado una fedha. Usihesabu kupungua kwa taarifa kuwa mafanikio. Mafunzo yakifanya kazi, taarifa huongezeka kwanza. Mshiriki ambaye kata yake haijaleta taarifa hata moja kwa miezi yote hiyo ndiye wa kutembelewa wa kwanza, na mtembelee akiwa kwake, pamoja na balozi wake na mtu wa bodaboda.